"Nelly's Folly": Twiga wa Warner Bros. na Hukumu Anayostahili

Tarehe 30 Desemba 1961, wiki tatu kamili baada ya Tanganyika kupata uhuru, studio ya Marekani ya Warner Bros. ilitoa katuni fupi ya twiga anayetolewa Afrika kwenda New York kuimba. Inaitwa "Nelly's Folly". Mwongozaji ni Chuck Jones, akisaidiwa na Maurice Noble na Abe Levitow. Hata waliokua wakiangalia Bugs Bunny na Daffy Duck, wengi hawaijui, kwani hakuna sura yoyote waliyoizoea ndani yake. Wanaoijua nao hawaelewani. Wapo wanaoisifia kama kazi bora iliyosahaulika, na wapo wanaosema studio ilikuwa imeishiwa, na hii ndiyo mojawapo ya dalili.

Kwamba studio ilikuwa inachechemea, hilo halina ubishi. Michael Maltese, mwandishi aliyempa Jones hadithi zake nyingi zilizotamba, aliondoka mwaka 1958 kwenda Hanna-Barbera, studio nyingine ya katuni. Mwaka huohuo Carl Stalling, mtunzi wa muziki, akastaafu. Televisheni ilikuwa inawabakiza watu nyumbani, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1948 studio hazikuweza tena kuwalazimisha wenye kumbi za sinema kununua filamu kwa mafungu. Katuni fupi ikawa gharama isiyo na mtetezi. Mwaka 1963 idara ya katuni ya Warner ikafungwa.

Ukiitazama "Nelly's Folly" ukiwa na hayo kichwani, dalili unaziona. Vichekesho ni vichache, na msimulizi anabeba mzigo ambao zamani ungebebwa na picha. Hata wimbo anaouimba Nelly, "The Flower of Gower Gulch", ni kiporo: ulishapikwa kwa ajili ya katuni ya Daffy ya mwaka 1951 iliyowatania macowboy wa Hollywood.

Ila mimi sikubali kwamba hadithi yenyewe imechoka. Iweke kando ya "One Froggy Evening", katuni ya Jones na Maltese ya 1955 ambayo karibu kila mpenzi wa fani hii anaiheshimu. Kule kuna chura anayeimba vizuri ajabu, lakini kwa aliyemwokota tu. Akiwekwa mbele ya watu anakoroma kama chura yeyote. Mwenye tamaa anafilisika, chura hajali. Nelly ni kinyume chake. Yeye anamwimbia kila mtu, umaarufu unakuja haraka, kisha upweke unamshika. Anampenda twiga dume wa bustani ya wanyama, ambaye kumbe ana mke. Kashfa inalipuka, wasikilizaji wanamkimbia, anarudi Afrika peke yake. Safari hii anayelipa gharama ni msanii, na yule mvumbuzi aliyemkuta Afrika na kumsainisha mkataba haguswi na lolote. Kwa maoni yangu hilo ni jambo zito zaidi kuliko la chura, japo halichekeshi hata nusu yake. Katuni ya sinema kuthubutu kuhuzunisha bila kuharakisha kichekesho cha kufuta machozi si dalili ya uchovu.

Kinachoiokoa zaidi ni sauti na mandhari. Mwimbaji Gloria Wood anampa Nelly sauti yake kwa dhati, bila kumfanya kikaragosi. Mwanzo wake pia umepangwa vizuri: tunasikilizishwa milio ya wanyama mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, halafu kati yao inatoka sauti ya mwanamke akiimba. Mwimbaji ni twiga, mnyama ambaye hata wanaoishi jirani naye hawajui mlio wake! Anayemjua twiga atacheka mapema kuliko mtazamaji wa Chicago.

Hapo ndipo sisi tunapokuwa na neno la ziada. Afrika ya filamu hii haina watu wake wala nchi. Ni msitu tu, wakati twiga ni mnyama wa nyika na migunga. Mgeni anaingia, anakuta kipaji, anatoa mkataba, anaondoka nacho. Kuna watakaosema ndicho kinachodhihakiwa: biashara ya burudani inayookota watu na kuwatupa. Nakubali nusu. Dhihaka kwa mawakala na magazeti ni kali, lakini kwa Afrika hakuna dhihaka, kuna uvivu. Tena kashfa yote anabebeshwa Nelly, huku yule dume mwenye mke akibaki zake bustanini. Filamu inalionyesha hilo bila kuonekana kama linaisumbua.

Wanaoitetea hupenda kutaja Oscar. Ni kweli iliteuliwa, na kati ya filamu tano zilizowania tuzo ya katuni fupi ya 1961, tatu zilikuwa za Warner. Mshindi alikuwa "Surogat" ya Dušan Vukotić kutoka Zagreb, katuni ya kwanza isiyo ya Marekani kutwaa tuzo hiyo. Mimi kuteuliwa huko hakunishawishi sana. Kinachonishawishi ni mwisho wake: Nelly, akiwa nyumbani tena, anampata twiga mwingine anayejua kuimba. Ni suluhisho la haraka mno, karibu la kubahatisha. Lakini ndiyo mara pekee tunayomsikia akiimba na mwenzake, bila wakala wala mkataba, na kwa hilo naweza kumsamehe Jones haraka yake.