Siku ya Kwanza ya Lifti ya Juu Ndiyo ya Kutiliwa Shaka

Hakuna kinachowachemsha watu kwenye kituo cha kuskii, yaani kuteleza mlimani juu ya theluji, kama kuona lifti ya juu, ile ya viti vinavyoning'inia kwenye waya, inazunguka bila abiria. Theluji imeanguka nusu mita usiku kucha, mawingu yameondoka, foleni imejipanga tangu saa 1 asubuhi, na viti vinapita vitupu. Mara wanapanda wanadoria wawili, walinzi wa usalama wa mlima, wenye mikoba mgongoni, na manung'uniko yanaanza: kama wao wanapanda, sisi tunazuiwa kwa nini? Kwa sababu mikoba ile imebeba vilipuzi. Lifti inazungushwa ili watu wa vilipuzi wafike juu, na mpaka wamalize, kazi yake ni hiyo tu.

Naona hasira hizo zinaelekezwa pasipo pake. Lifti inayocheleweshwa kwa muda wa saa nne baada ya dhoruba ni dalili kwamba kuna watu wanaofanya kazi yao. Ya kutiliwa shaka ni ile inayofunguliwa kwa mara ya kwanza msimu ule, zaidi sana ikifunguliwa wiki ya sikukuu, kwenye miteremko ambayo hakuna aliyeikanyaga tangu theluji ya kwanza.

Tuanze na mteremko wenyewe. Maporomoko ya theluji yanayoua wanaskii wengi ni yale ya bamba: tabaka la theluji iliyoshikamana linakatika kwa mkupuo mmoja na kuteleza juu ya tabaka dhaifu lililo chini yake. Mengi hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na karibu na nyuzi 38 ndipo pabaya zaidi. Kwa bahati mbaya, mteremko wa nyuzi 38 ndio hasa mwanaskii hodari aliolipia tiketi. Kituo hakiwezi kuuza kimoja bila kingine.

Halafu kuna upepo, ambao watu wa foleni huusahau kwa sababu chini hausikiki. Upepo unaopita juu ya mgongo wa mlima hukomba theluji upande wa joshini, unakotoka upepo, na kuimwaga upande wa demani, unakoelekea, kwa kasi kubwa kuliko mawingu yenyewe yanavyoweza kuiangusha. Ndiyo maana ubao wa kupimia theluji ulioko chini unaweza kusoma sentimita 30 wakati bonde la juu limepakiwa mita moja na nusu. Mkuu wa usalama wa theluji hautegemei ubao ule. Anaamka saa 9 au 10 usiku na kutazama kipimaupepo cha kileleni, mwelekeo wa upepo saa baada ya saa, kasi ya mwanguko (zaidi ya sentimita 2 au 3 kwa saa ni habari mbaya), na uzito wa theluji ikiyeyushwa. Sentimita 30 za theluji nyepesi zinaweza kuwa na sentimita 2 tu za maji. Sentimita 30 za theluji nzito, kama ile ya milima iliyo karibu na bahari, zinaweza kuwa na zaidi ya 4. Kwa macho ni kina kilekile, lakini mzigo ulioegemea tabaka dhaifu umezidi maradufu. Na kama dhoruba ilianza na baridi kali ikamalizia na joto, nzito imelala juu ya nyepesi, mpangilio ambao hakuna mwanadoria anayeupenda.

Asubuhi timu zinatoka watu wawiliwawili, kila timu na njia yake iliyopangwa kabla ya msimu. Wanatembea mgongoni mwa mlima kutoka mahali salama hadi mahali salama. Mmoja anawasha utambi na kurusha, mwenzake anatazama. Kilipuzi cha mkono kwa kawaida kina uzito wa kilo moja hivi, na utambi huwaka kama sekunde 90, muda wa kutosha kurudi nyuma na kuziba masikio. Kikilipukia ndani ya theluji laini, nguvu nyingi inamezwa palepale. Kikining'inizwa kwenye mti au kamba, juu kidogo ya uso wa theluji, wimbi la mlipuko linasambaa mbali zaidi. Kisicholipuka ndicho kinachokula asubuhi yenu: hakuna anayeruhusiwa kukisogelea mpaka muda uliowekwa upite, mara nyingi nusu saa au saa nzima, na eneo halifunguliwi kikiwa bado kimelala pale. Baada ya milipuko, mwanadoria anaukata mteremko kwa skii, akipita mshazari juu kabisa kwa mwendo wa kasi, kutoka kisiwa cha usalama hadi kingine, ili kama bamba litavunjika livunjike chini ya miguu yake na si juu ya kichwa chake.

Vituo vyenye fedha vina mabomba ya gesi yaliyosimikwa mgongoni mwa mlima, yanayochanganya propani na oksijeni na kulipuliwa kwa kitufe kutoka ofisini. Alta, Utah, walianza kutumia mizinga ya jeshi mwishoni mwa miaka ya 1940. Zana hizo zinapunguza hatari kwa watu wa doria, lakini haziondoi haja ya macho. Ukungu ukishuka huoni kama bamba limeanguka lote, limeanguka nusu, au halijagusika. Hapo mnasubiri.

Mpangilio nao una sheria yake. Timu haiwezi kufanya kazi chini ya bonde ambalo timu nyingine bado inalilipua, kwa hiyo njia za juu humalizwa kwanza. Njia moja ikikwama kwa sababu ya kilipuzi kilichokataa, zilizo chini yake zote zimekwama.

Kuna sababu nyingine ambazo mwenye tiketi hazioni kabisa. Lifti inaweza kuwa imefungwa ingawa njia unayoitaka ni salama, kwa kuwa kituo chake cha chini au nguzo zake zimesimama mahali ambapo maporomoko ya mteremko wa jirani huishia. Au lifti inawashusha watu mahali ambapo hakuna njia ya kuteremka isipokuwa kupita penye hatari. Au, na hili husahauliwa zaidi, injini ikifa itabidi watu wateremshwe kwa kamba kutoka kwenye viti, moja kwa moja juu ya mteremko ulio chini ya waya. Kama huwezi kusimamisha waokoaji na abiria 100 pale chini kwa saa mbili, huna haki ya kuwapandisha. Kamba ya kuzuia eneo moja huku jirani yake likiwa wazi inasaidia pale ambapo watu wanaiheshimu, na asubuhi ya theluji mpya heshima hiyo huwa haba.

Kufungwa kwa ajili ya upepo ni jambo jingine, ingawa upepo ni uleule: viti vinayumba, vinaweza kugonga nguzo, na waya unaweza kuruka nje ya magurudumu yake. Upepo ukitulia lifti inaweza kuanza baada ya dakika chache. Theluji iliyopakiwa na upepo huo haitulii nao.

Sasa siku ya kwanza. Mteremko unaoskiiwa tangu mwanzo wa msimu hukatwakatwa kila siku na maelfu ya skii. Tabaka dhaifu linapata shida kuenea bila kukatika, na kila dhoruba inashughulikiwa peke yake: unalipua theluji ya jana usiku, unamaliza, unafungua. Mteremko uliofungwa tangu Oktoba haujapata huduma hiyo. Theluji nyembamba ya mwanzo, ikilala kwenye baridi kali chini ya anga lisilo na wingu, hugeuka punje kubwa kavu zisizoshikana, kama sukari. Kisha dhoruba ya Desemba au Januari inaifunika kwa bamba zito. Punje zile hubaki chini kwa wiki nyingi, na kilipuzi cha kilo moja kilichorushwa mita 20 kutoka mahali palipo dhaifu kinaweza kisizifikie. Bamba nene linahimili mlipuko katikati, halafu linasalimu amri kwa mwanaskii wa hamsini aliyepita karibu na jiwe, mahali ambapo theluji ni nyembamba na mguu unafika chini.

Ndiyo maana "tumelipua na hakuna kilichoanguka" ni sentensi isiyonituliza. Inaweza kumaanisha mteremko ni imara. Inaweza pia kumaanisha hamkulipata lile doa.

Desemba 2008, ndani ya wiki mbili, watu watatu walikufa kwa maporomoko ndani ya mipaka ya vituo vitatu vya Marekani: Snowbird, Squaw Valley na Jackson Hole. Ilikuwa mapema msimu, theluji ya chini dhaifu, dhoruba nzito juu yake. Januari 2019 huko Taos, New Mexico, wawili walikufa chini ya Kachina Peak, siku ambayo doria walikuwa wamelipua asubuhi. Januari 2020 Silver Mountain, Idaho, watatu walikufa. Tarehe 10 Januari 2024 Palisades Tahoe, yaani ileile Squaw Valley baada ya kubadilishwa jina, ilifungua lifti ya KT-22 kwa mara ya kwanza msimu ule. Lifti ilianza saa 3 asubuhi. Saa 3 na nusu hivi maporomoko yalikuwa yameshashuka, na mtu mmoja akafa. Kituo kilieleza kwamba doria walikuwa wamelifanyia kazi eneo lile kwa siku kadhaa, na sina sababu ya kuamini kwamba walizembea. Kwangu hilo ndilo linalotisha: watu wanaojua kazi waliifanya, na bado mlima ulibakiza kitu.

Vifo vya namna hii ni nadra ukivilinganisha na vya nje ya mipaka, ambako hakuna anayelipua. Lakini unadra huo unatokana na kazi ile ya usiku. Kazi hiyo ikipungua, nao utapungua. Aspen Highlands huko Colorado wana njia ninayoiheshimu kuliko bomba lolote la gesi: mwanzoni mwa msimu watu wanapanga safu na kulikanyaga bonde la Highland Bowl kwa miguu, hatua kwa hatua, mpaka punje zile zivunjike na kushindiliwa kabla dhoruba kubwa hazijafika. Ni kazi ya kuchosha, ya wiki nyingi, na haina picha nzuri ya tangazo. Kituo kinachotaka kufungua mteremko mkali mapema kingepaswa kuonyesha kwanza kimefanya nini cha aina hiyo mnamo Novemba.

Kuonyesha, kwa sababu kwa sasa mteja haambiwi kitu. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua, katika kesi iliyotokana na kifo cha mwaka 2012 huko Winter Park, kwamba maporomoko ndani ya kituo ni sehemu ya hatari za kawaida za mchezo, kwa hiyo kituo hakiwajibiki kwa madai ya aina hiyo. Mantiki ya kisheria naielewa. Ila inambebesha mwanaskii hatari ambayo taarifa zake zote ziko kabatini kwa kituo. Kama hatari ni yangu, basi niandikiwe kwenye ubao wa lifti mistari mitatu: eneo hili limefunguliwa mara ngapi msimu huu, lililipuliwa lini mara ya mwisho, na kilianguka nini. Watajibu kwamba umma hautaelewa, au utaelewa vibaya na kujifanya wataalamu. Wapo watakaofanya hivyo. Lakini watu haohao husoma kiwango cha hatari ya maporomoko cha 1 hadi 5 kabla ya kwenda nje ya mipaka, na wengi wanaelewa kwamba 3 si namba ya katikati isiyo na madhara. Uswisi sehemu kubwa ya vifo hutokea siku za 3.

Pili, uamuzi wa kufungua uwe wa mkuu wa usalama wa theluji peke yake, na anayehesabu tiketi asiwe na simu yake asubuhi ile. Vituo vingi vitasema ndivyo ilivyo. Basi viandike, na viweke idadi ya watu wa kutosha. Kati ya mwisho wa Desemba 2024 na mwanzo wa Januari 2025 wanadoria wa Park City, Utah, waligoma wakitaka mshahara wa kuanzia upandishwe kutoka dola 21 hadi 23 kwa saa, na sehemu kubwa ya mlima ikabaki imefungwa katikati ya sikukuu. Theluji ilikuwepo, lifti zilikuwa nzima. Februari 2025 huko Mammoth Mountain, California, wanadoria wawili walinaswa na maporomoko wakiwa kwenye kazi hii hii, na mmoja akafa. Na mgomo ule ulikuwa wa dola mbili kwa saa.

Kwa anayekwenda siku ya kwanza hata hivyo, na najua mtakwenda: vaa transiva ya kilohezi 457, kifaa cha redio kinachosaidia kumpata aliyefukiwa, beba koleo na fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji, ingawa uko ndani ya mipaka na jirani yako kwenye kiti atakucheka. Washa transiva ukiwa chini. Aliyefukiwa na kutolewa ndani ya dakika 10 ana uwezekano mkubwa wa kuishi. Baada ya nusu saa wengi wamekwisha kwa kukosa hewa, na doria wanaweza kuwa upande mwingine wa mlima. Shukeni mmoja mmoja. Usisimame katikati ya bonde kusubiri rafiki. Nenda pembeni, penye miti au mgongo wa mwamba. Achana na sehemu zenye theluji nyembamba zinazozunguka mawe. Na ukiona kamba imefungwa mita 30 kutoka mahali palipofunguliwa, mteremko uleule, mwelekeo uleule, jiulize kwa nini wameishia hapo, kisha kaa upande wa mbali na kamba.