Nilipewa zamu ya mapipa, nikawa mtu wa nyumbani

Asubuhi yangu ya kwanza Ujerumani, mama wa familia iliyonipokea alinisimamisha mbele ya friji. Mlangoni palikuwa na karatasi iliyopigwa mistari kwa rula: siku saba pembeni, majina manne juu. Lake, la mumewe, la binti yao wa miaka 15, na langu. Jina langu lilishaandikwa kabla hata ndege yetu haijatua Frankfurt. Chini yake: mapipa ya taka, kufagia ngazi, kupika Jumatano.

Niliumia. Nimetoka Igoma, Mwanza, kwenye nyumba ambayo mgeni akisogelea beseni la vyombo wanaruka watu watatu kumnyang'anya dodoki. Nilijifungia chumbani nikamwandikia dada yangu: "Wamenileta niwe dada wa kazi." Huu ni mwaka wangu wa nne huku, na leo nasema bila kuzunguka kwamba ile karatasi ndiyo heshima kubwa kuliko zote nilizopewa Ujerumani.

Nilikuja kujitolea kwa mwaka mmoja kupitia weltwärts, mpango wa serikali yao ulioanza 2008 kwa kupeleka vijana wa Kijerumani kwetu na nchi nyingine za kusini. Mwaka 2013 mlango wa upande wa pili nao ukafunguliwa, tukaanza kwenda sisi. Ukifika unaingizwa kwenye huduma yao ya kujitolea iliyoanza Julai 2011, mwaka ule ule Ujerumani iliposimamisha jeshi la lazima. Zamani kijana aliyekataa kushika bunduki alipelekwa kufanya kazi hospitalini au kwenye nyumba za wazee. Jeshi la lazima liliposimama, wale vijana nao wakaacha kuja, na viti vya magurudumu bado vilihitaji mtu wa kuvisukuma. Mimi nilisukuma vyangu kwenye nyumba ya wazee nje kidogo ya Würzburg, mji ambao ni ndugu wa Mwanza tangu 1966. Wiki ya kazi ni kama saa 39. Unapewa posho ndogo, bima ya afya, malazi na chakula.

Mapipa yalinifundisha Kijerumani kuliko darasa. Vifungashio vina mfuko wa njano, karatasi pipa lake, maganda na mabaki ya chakula pipa lake, na kilichobaki pipa lake. Chupa za mvinyo na mitungi ya jemu unaipeleka barabarani kwenye makontena makubwa, nyeupe mbali, kahawia mbali, kijani mbali, na usithubutu Jumapili maana kelele za chupa siku hiyo ni kosa kwa majirani. Chupa za plastiki za maji zina senti 25 zako ndani, unazirudisha dukani kwenye mashine. Hilo la mwisho halikunishangaza. Igoma mtoto anayetumwa soda bila chupa anaacha pesa ya chupa dukani, na tulilijua hilo zamani.

Ilikuwa kwenye makontena ndipo nilipopata rafiki wangu wa kwanza, bibi wa nyumba ya mkabala. Aliniona nimeshika chupa ya bluu nimeduwaa. Akavuka barabara na koti lake la nyumbani, akanielekeza kijani, akabaki kunieleza mpaka mikono ikafa ganzi kwa baridi. Kesho yake alinisalimia kwa jina. Kama ningekuwa mgeni wa kukaa sebuleni nisingekutana naye mpaka leo.

Saa nayo ilinipa somo. Mjerumani akisema "halb drei", yaani nusu ya tatu, mimi kichwani nasikia tatu na nusu. Yeye anamaanisha nusu ya kuielekea tatu, ambayo kwetu ni saa nane na nusu mchana. Wiki ya pili nilifika kazini nimechelewa saa nzima, na mzee niliyetakiwa kumtoa bustanini alikuwa ameshavalishwa koti na kofia, amekaa kwenye kiti chake akiangalia mlango. Hakuna aliyenifokea. Lakini ule uso wake nilirudi nao nyumbani, na toka siku ile sijachelewa tena.

Chakula cha jioni kilikuwa mkate, jibini, soseji baridi na matango ya siki, kila mtu na kibao chake kidogo cha mbao. Nilidhani vile vibao ni vya kukatia vitunguu, nikangoja chakula chenyewe kije. Baba mwenyeji akaniuliza kama nitaongeza. Nikasema hapana asante, kwa adabu, nikitegemea aniambie mara ya pili na ya tatu kama kwetu. Akafunika jibini akairudisha kwenye friji. Huku neno lako linachukuliwa kama lilivyo. Kwa kweli nimelipenda hilo, ingawa mwezi wa kwanza nililala njaa zaidi ya mara moja.

Sasa nije kwenye jambo langu.

Nilipokuwa sekondari, nyumbani tulimpokea msichana wa Kijerumani aliyekuja Mwanza kujitolea. Mama alimpa chumba changu, sisi mabinti tukabanana kitanda kimoja. Alinunuliwa mkate wa slesi na siagi kila wiki, na sato mkubwa kuliko wote alikuwa wake, kichwa na vyote. Akitaka kufua, mama ameshamwita mtu. Akishika ndoo aende kuchota maji, watoto wa jirani wameshaichukua. Tulimpenda kwa moyo wote, na aliondoka analia. Mwaka jana alikuja kunitembelea Würzburg, tukakaa kwenye daraja la zamani tukiangalia mto Main, nikamuuliza alikumbuka nini zaidi kwetu. Akanijibu kwa Kiswahili chake kilekile kidogo, kisha akamalizia Kijerumani: "Nilikuwa nawasikia mkicheka jikoni. Nikiingia, mtu anainuka kunipa kiti."

Sijapata usingizi mzuri tangu nisikie maneno hayo. Msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kila mtoto wa Kitanzania anaujua. Lakini mimi katika maisha yangu sijawahi kuona jembe lenyewe likitolewa, hasa kama mgeni ni mzungu. Kwa ndugu wa kijijini tunalitoa haraka sana. Mtoto wa shangazi akija mjini kutafuta shule, siku ya pili anaosha masufuria. Mzungu tunamfungia kwenye heshima mwaka mzima kama vikombe vya kabatini. Hiyo si heshima moja kwa watu wote, na nadhani tunajua. Binti yule alikuja kujifunza maisha yetu, tukamwonyesha sebule.

Na sisemi hivi kwa sababu nimezama kwa Wajerumani. Yako mambo yao nimeshindwa kuyameza. Kijijini ninakoishi bado watu wanasalimiana njiani, lakini ukipanda tramu mjini unaweza kukaa bega kwa bega na mtu dakika 20 asikutazame. Rafiki akitaka kuja kunywa chai, tunatafutana kwenye kalenda wiki tatu. Desemba jua linazama saa kumi na dakika kama 20 jioni, na giza lile lilinikalia kifuani. Miezi ile nilikuwa napiga simu nyumbani nisikie tu kelele za jikoni kwa nyuma. Kumwita mtu wa rika la mama yangu kwa jina tupu kulinichukua karibu miezi mitatu. Kazini angalau nilipumua, kwa sababu wazee wote unawaita kwa "Sie", yaani "wewe" ya heshima. Kumbe nao wana shikamoo yao, imejificha ndani ya sarufi.

Nyumba ya wazee ndiyo iliyonichanganya zaidi. Wiki za kwanza niliwahukumu watu wote: mnamletaje mama yenu hapa, mnakuja Jumapili saa tisa na keki, saa kumi na moja mmeondoka? Bibi yangu yuko Magu, haishi na wageni. Anachambua mchele kwenye ungo, funguo za ghala amezifunga kwenye pindo la khanga, na hakuna debe linalotoka bila yeye kujua.

Kisha nikaanza kumwangalia mama mmoja wa chumba cha mwisho. Akili ilikuwa inamtoka taratibu, majina ya wanawe yalishapotea. Kila siku baada ya chai ya asubuhi muuguzi alimwekea mbele rundo la leso za mezani. Alizikunja kona kwa kona, akizinyoosha kwa upande wa kiganja, na akimaliza alinihesabia. Zilikuwa leso za kweli, zilizotumika mezani mchana, hazikuwa za kumchezesha. Siku nilipomkunjia nusu ili kumsaidia, muuguzi alinivuta pembeni: hizo ni kazi yake, usimwibie.

Jioni ya tarehe 16 Machi nilikuwa zamu. Siku kama hiyo mwaka 1945 ndege za Waingereza ziliichoma Würzburg kwa dakika kama 20. Sehemu kubwa ya mji wa kale iliteketea na watu wapata 5,000 wakafa. Kila mwaka saa ile ile ya usiku kengele za makanisa hupigwa kwa muda ule ule. Yule mama alikuwa na miaka 9 wakati huo. Kengele zilipoanza alinishika mkono, akaniuliza mara moja tu kama leso za kesho ziko tayari. Nikamwambia zinamsubiri. Akanishika mpaka kengele ya mwisho.

Tangu hapo nimeacha kusema kwamba sisi tunapenda wazee na wao hawapendi. Nimemkumbuka mama yangu mdogo, aliyemwogesha na kumlisha babu miaka sita peke yake, mgongo ukaharibika, biashara yake ya vitenge ikafa. Hakuna aliyemlipa wala kumpokea zamu hata Jumapili moja, nasi tuliita ni mapenzi. Huku tangu 1995 kuna bima ya kulipia utunzaji wa wasiojiweza. Sasa nasomea uuguzi na ninaiona ikikatwa kwenye malipo yangu kila mwezi, na siinung'unikii. Zanzibar walianza 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na kuendelea, hata aliyekuwa mvuvi au mkulima maisha yake yote. Bara nasi tungelifanya hilo, mama mdogo angepata angalau nauli ya kumwita mtu ampokee. Mapenzi na malipo havigombani.

Septemba hii mama yangu anapokea binti mwingine kutoka Ujerumani. Nimempigia simu mara nne. Nimemwambia: mpe mwiko, mpe ndoo, mpeleke soko la Mwaloni akajifunze kuchagua dagaa, mtume dukani, akirudi na kitu sicho mrudishe. Mkiwa mnacheka jikoni asiinuke mtu, msogezeeni kigoda na kisu na kitunguu.

"Mwanangu, watu watasema mtoto wa wenzetu nimemfanya mtumwa," mama akasema.

"Mama, mimi huku natoa mapipa kila Jumatatu. Umewahi kusikia nikilalamika?"

"Ulilalamika. Dada yako alinisomea."

Nikamweleza upya yote, ya karatasi ya friji na ya bibi wa makontena. Alinyamaza muda, nikasikia maji yakimiminwa. Amekubali vyombo vya jioni. Habari ya kuchota maji hataki hata kuisikia, na chumba tayari ameshakipaka rangi.