Maziwa ya mwaka wa pili si maji

Mtoto akishatimiza mwaka na kuanza kutembea kwa kushika ukuta, mama wa Lamu huanza kusikia neno moja kwa jirani, kwa shangazi, pengine hata kwa mhudumu wa zahanati: hayo maziwa sasa ni maji matupu, mlikize mtoto ale chakula. Shubiri hutafutwa, chuchu zikapakwa, na mambo yakaishia hapo.

Wanaosema hivyo wana hoja, tena hoja nzito. Madini ya zinki hushuka kwa kasi katika maziwa ya mama: mwezi wa kwanza huwa karibu miligramu 3 kwa lita, na kufikia mwezi wa sita hubaki kama moja na kidogo. Mtoto wa miezi saba anahitaji miligramu 3 kwa siku, na maziwa humpa kama nusu miligramu tu. Chuma nacho ni kidogo tangu mwanzo. Mtoto huishi kwa akiba aliyotoka nayo tumboni, na akiba hiyo huisha karibu na mwezi wa sita. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani likasema chakula kianze miezi sita. Mtoto wa mwaka mmoja anayenyonya mchana kutwa na kukataa kula atapungukiwa damu, na hapo bibi anayegomba ana haki ya kugomba.

Lakini kutoka “maziwa peke yake hayatoshi” hadi “maziwa ni maji” ni safari ndefu, na watu wengi huiruka. Kwanza, maziwa ya mama ni maji siku zote: karibu asilimia 87 yake ni maji, hata mtoto akiwa na mwezi mmoja. La kuuliza ni kile kilichomo ndani ya maji hayo, na jibu lake hubadilika kwa namna ambayo wengi wetu hatukuelezwa. Siku chache za mwanzo hutoka dang'a, ya manjano na nzito, yenye protini nyingi na kinga nyingi, mafuta na sukari kidogo. Baada ya wiki mbili hivi maziwa hukomaa: sukari yake hupanda hadi kama asilimia 7, mafuta hufika kama asilimia 4, protini huteremka hadi kama asilimia 1. Wengi hudhani hadithi inaishia hapo na kilichobaki ni kupungua tu.

Haiishii hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wa akina mama wa North Carolina, Marekani, ulifuatilia maziwa kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 17. Zinki na kalisi zilipungua, kama wanavyosema wapinzani. Ila protini ilipanda. Laktoferini, lisozimu na kingamwili aina ya A, vyote vinavyopigana na vijidudu, navyo vilipanda. Mafuta na sukari havikubadilika. Yaani kinga ile tunayoisifia dang'a huongezeka tena wakati mtoto anatambaa mchangani na kutia mdomoni kila anachookota.

Kuna hesabu nyingine ninayotamani kila mama aisikie kabla ya shubiri kununuliwa. Mtoto wa mwaka wa pili anayepata kama mililita 450 za maziwa ya mama kwa siku hupata humo karibu theluthi ya nguvu anayohitaji, robo tatu ya vitamini A, asilimia 60 ya vitamini C, na asilimia 94 ya vitamini B12. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonishika. B12 haimo katika uji, wala wali wa nazi, wala kunde. Imo katika samaki, nyama, mayai na maziwa. Na sisi wa visiwani samaki wetu ana msimu: kusi likichafuka, vyombo vidogo hubaki ufukoni, tafi na changu hupanda bei, na sahani ya mtoto hurudi kuwa wali na mchuzi mwepesi. Mtoto aliyelikizwa Mei anaingia katika miezi hiyo bila ziwa na bila samaki. Ukisikia kwamba maziwa ya mama yake yalikuwa maji, muulize msemaji ni chakula gani jikoni mwake kilichochukua nafasi ya hayo maji.

Hesabu hiyo ina sharti, na sharti lenyewe ni la haki. Mililita 450 si mnyonyo mmoja wa kulalia. Anayenyonya mara moja usiku hafiki huko. Tena B12, vitamini A na mafuta yanayojenga ubongo hufuata chakula cha mama mwenyewe. Sukari, chuma na zinki hazitikisiki sana kwa alichokula. Mama ambaye samaki hamfikii, maziwa yake pia hupungukiwa B12.

Hapo ndipo naona tumekosea kwa pamoja. Katika arubaini mzazi huletewa uji wa pilipili manga, supu na samaki bora wa nyumbani. Arubaini ikiisha, kipande kikubwa hurudi kwa baba, naye mama hukwangua sufuria, huku akiendelea kutoa maziwa mwaka mzima na zaidi. Akidhoofika, maziwa ndiyo hulaumiwa. Qurani, Sura Al-Baqara aya ya 233, inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na papo hapo inamtwika baba chakula na mavazi ya mama. Nusu ya kwanza tunaikariri sana.

Mama anayelikiza kwa sababu ya kazi, maradhi au mimba changa yenye matatizo asisukumwe na yeyote. Anajua mzigo wake. Mwingine, anayenyonyesha bado na anapenda kuendelea, ampe mtoto dagaa wa kusaga, ini na maharage kwa ajili ya chuma na zinki, na ziwa libaki pale pale kwa yale mengine. Na wenye nyumba wamtengee mama kipande chake cha samaki, hata kusi likivuma.