Kifuniko cha Klachi Kitanitoa Roho

Jamani, mwenzenu vidole sina tena. Nina vitu kumi tu vinavyoning'inia viganjani, vyeusi tii, hata alama za dole gumba zimefutika. Anayeniona anadhani nimetoka kuchoma mkaa. Wala! Nilikuwa nasugua kifuniko cha klachi. Kimoja. Cha pikipiki.

Mkosi wenyewe ulianzia kwenye simu. Tumbo limeshiba, akili imelala, nikakutana na video ya jamaa mmoja ameshika kipande cha alumini kilichofubaa. Kapaka polishi, kazungusha kitambaa mara mbili, paap! Kioo. Dakika nne, na muziki humo humo. Nikatazama pikipiki yangu, nikajiambia hata mimi kitambaa ninacho. Zile siku alizosugua kabla ya kuwasha kamera, bwana yule kaziweka mfukoni, hakuzisema.

Nikapaka polishi. Nikasugua saa nzima, mpaka shingo ikasimama kama mti. Kitambaa cheupe, kikabaki cheupe. Nikajisifu kumbe pikipiki yangu ni safi! Nikaongeza saa nyingine. Kumbe alumini ukiigusa na polishi, kitambaa hugeuka cheusi hapo hapo, kwa sababu ni yenyewe inayolika. Kisipogeuka, jua hujafika kwenye alumini. Vifuniko vingi hutoka kiwandani vimepakwa vanishi isiyo na rangi, na mimi nilikuwa nimeng'arisha vanishi saa mbili, kwa moyo mkunjufu, nikipiga na mluzi.

Basi, ikabidi nitafute dawa ya kubandua rangi. Hiyo sitaiongelea sana. Ni glavu, miwani, mlango wazi, na kuomba isikurukie. Vanishi ikajikunja kama ngozi ya nyoka. Chini yake nikakuta kitu cha kijivu, kina vishimo vishimo na madoa, nikatamani nimrudishie vanishi yake aliyeipaka.

Hapo ndipo msasa unapoingia, na hapo ndipo nilipojidhalilisha. Mimi nilijua namba kubwa ndiyo yenye nguvu. Si ndivyo dunia ilivyo? Nikabeba namba 2000, nikaanza kuvamia vishimo. Nikasugua mpaka jua likazama, na vishimo vikabaki vinanitazama. Fundi mmoja aliponikuta alicheka mpaka akakaa chini. Kwenye msasa, namba ikipanda chembe zinapungua: za 400 zina upana wa mikroni 35 hivi (mikroni elfu moja ndiyo milimita moja), za 2000 ni kama 10. Nilikuwa napalilia shamba kwa kijiti cha meno.

Akaniandikia safari yangu kwenye kipande cha boksi: 320, 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000. Yote hayo ndiyo upate ruhusa ya kushika polishi. Nikamuuliza polishi inafanya nini sasa. Akasema polishi nayo inakwaruza. Ndugu zangu, hili liliniuma kuliko mgongo. Maisha yangu yote nilidhani kung'arisha ni kupaka kitu kinachong'aa. Kumbe ni kukwaruza! Kila namba inafuta mikwaruzo ya mwenzake na kuacha ya kwake iliyo midogo zaidi, mpaka iwe midogo kiasi kwamba jicho halioni. Kile kioo ni mikwaruzo iliyojificha.

Nikasugua kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ili msasa usizibe. Mama watoto akatafuta ndoo yake ya kufulia siku nzima. Alipoikuta na maji ya kijivu na mume wake amechuchumaa pembeni, aliniuliza swali moja tu: "Baba watoto, hiyo klachi ilikuwa haifanyi kazi?" Nikamwambia inafanya. Akaingia ndani. Sijui kwa nini jibu langu mwenyewe liliniudhi.

Kanuni ni kwamba ukibadilisha namba unabadilisha na mwelekeo. Kama 400 ulikwenda wima, 600 unakwenda ulalo, na husogei mpaka mistari ya wima iishe yote. Mimi 600 niliruka. Ilikuwa jioni, mbu wanakula miguu, 400 na 800 zinafanana kwa mtu mwenye njaa, nani atajua? Nikapanda mpaka 2000, nikapaka polishi, kitambaa kikawa cheusi kama inavyotakiwa, nikafuta. Kioo! Nikakipeleka juani nikitetemeka kwa furaha. Na humo ndani ya kioo, katikati ya paji la uso wangu, mistari mitatu ya 400 imesimama wima kama nguzo za umeme. Polishi haikuwa imeifuta. Ilikuwa imeing'arisha. Waliosema haraka haraka haina baraka walikuwa na msasa mkononi, mimi siwabishii.

Nikarudi 400. Mtu mzima, narudia darasa.

Awamu ya pili nikaona niwe mjanja, nikaazima mota ya kunolea yenye magurudumu ya kung'arishia. Linaanza la mkonge, gumu, linakata. Linafuata la pamba, laini, la kumalizia. Dawa yake imegandishwa kama mche wa sabuni: kwa alumini kahawia hutangulia, nyeupe hufuata, na kila rangi ina gurudumu lake, ukichanganya unaanza upya. Mota yenyewe inapiga karibu mizunguko 3000 kwa dakika. Ukiupeleka ukingo wa kitu juu ya gurudumu, ukielekea kule linakotokea, linakunyang'anya. Unatakiwa kukishika chini ya katikati ya gurudumu, na ukingo uelekee kule linakokimbilia. Hayo niliyajua baadaye. Kifuniko kilitoka mikononi mwangu kama mtu aliyesikia anadaiwa, kikapita karibu na sikio, kikaigonga ile ile ndoo ya mama watoto. Ndoo ikapasuka. Kifuniko kikapata jeraha pembeni. Nikarudi 320.

Tena, na hapa sitanii: fundi alininong'oneza kwamba kama mota hiyo inanoa vyuma pia, niifute vumbi lote kwanza. Vumbi la alumini likikutana na vumbi la kutu na cheche, linawaka moto ambao maji hayauzimi, yanauchochea. Nikavaa barakoa na miwani, nikafagia kama nangojea wakwe.

Halafu kuna tusi la mwisho. Alumini iliyovuliwa nguo ikigusana na hewa, hapo hapo hujivika ngozi mpya ya oksidi. Na oksidi ya alumini ndiyo hiyo hiyo inayotengenezewa chembe za misasa mingi. Yaani mimi nimekula wiki tatu kusugua kitu kinachojiotesha msasa mgongoni! Na hakina vanishi tena, kwa hiyo kisipopakwa nta na kusuguliwa kila mara, kinafubaa taratibu kikinicheka.

Jana nikamaliza. Ule utando wa mafuta unaoachwa na polishi nikauondoa kwa unga mkavu na kitambaa laini, jikoni, kwa siri, huku mlango nimeuegemea. Nikakifunga kwenye pikipiki. Lahaula! Kifuniko kinameta kama kioo cha bwana harusi, na kila kilichokizunguka, injini, bomba la moshi, rimu zote mbili, kimegeuka takataka. Juzi pikipiki ilikuwa ya kawaida tu. Leo inaonekana imefukuliwa.

Jioni jirani akapita. Nikakohoa. Akasimama. Akainama mbele ya kifuniko, akakodoa macho, akasogeza uso karibu kabisa. Nikabana pumzi, nikingoja mtu wa kwanza duniani atakayeiona kazi yangu. Akafungua mdomo, akatoa kitu kilichonasa kwenye jino, akajifuta, akasema "Asante jirani," akaondoka zake.

Ameacha alama ya kidole.