Nani anaandika programu huria, na anapata nini?

Watu wengi bado wanadhani programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuuona na kuubadilisha, zinaandikwa usiku wa manane na vijana wa kujitolea, bure, kwa mapenzi tu. Mi nimeshaacha kuamini hiyo. Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, kweli ilianza hivyo, 1991 Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki alisema ni hobi tu, haitakuwa kitu kikubwa, ila leo sehemu kubwa ya keneli, yaani kiini cha Linux, inaandikwa na waajiriwa wa Intel, Red Hat, Google na wenzao, watu wanaosubiri mshahara mwisho wa mwezi kama mhasibu yeyote. Na kampuni hazitoi sadaka hapo, Intel ikitengeneza chipu mpya inataka Linux iijue kabla haijafika sokoni, basi.

Mi mwenyewe mchango wangu wa kwanza ulikuwa mstari mmoja. Laibrari fulani ndogo ya tarehe, yaani msimbo ulio tayari ambao programu nyingine zinautumia, ilikuwa inazingua kila ikifika Februari 29, nikarekebisha nikatuma, na wala sio huruma, ni uvivu, sikutaka kila toleo jipya likitoka nianze tena kubandika kiraka changu. Kimya. Nikamkumbusha mwenye mradi mara mbili, ya pili kwa ukali kidogo. Wiki ya tatu akajibu asante, samahani, mtoto alikuwa anaumwa.

Huyo ndo mchangiaji ninayemuwaza mimi, mtu mmoja kashika kitu ambacho hakuna kampuni inakiona ni chake. OpenSSL, programu huria ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, ilikuwa inalinda seva kibao duniani, na kabla ya Heartbleed, lile tundu kubwa la usalama ndani yake, kulipuka 2014 michango iliyokuwa inaingia ni kama dola 2,000 kwa mwaka!

Halafu ikaja ya xz, programu huria ya kubana mafaili. Mwenye mradi kachoka, anatokea anayejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, hadai kitu, anachangia zaidi ya miaka 2 mpaka anaaminiwa, kumbe anatafuta pa kuweka mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingia kwenye kompyuta za watu. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund akaudaka kwa sababu tu kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Ila kilichonikaa mimi ni zile akaunti nyingine zilizokuwa zinamsukuma yule mzee wa watu, mbona unachelewa, mbona viraka havipokelewi, mpe mwingine basi. Nilizisoma zile meseji zote, nikaenda kufungua vikumbusho vyangu viwili, tofauti ni jina tu.