Nyayo Zako Ngazini

Mwenye nyumba wangu hana papara. Hatii kufuli la pili mlangoni, hatumi vijana waje kubeba jiko la gesi. Tarehe tano ikifika, Bi Mkubwa hupanda ngazi zake kumi na nne na goti lake bovu, akabisha, "Hodi, mwalimu," mara tatu, kisha akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kunakoua. Mtu akikupigia kelele utapata la kumjibu, lakini mtu anayepumua tu nje ya mlango wako, utamjibu nini?

Nakaa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, mwendo mfupi kutoka soko la Gikomba. Mwaka 2024 nilikuwa mwalimu intani wa Kiswahili, Gredi ya 8, katika shule moja ya umma huku Eastlands. Posho ilikuwa shilingi 20,000 kabla ya makato, kodi 8,000. Toa nauli, toa unga, toa kile cha kumtumia mama nyumbani, kisha uniambie wewe ungejificha wapi. Mimi nilijificha mvunguni.

Sisemi kwa mafumbo. Usiku wa tarehe tano, muhula wa tatu, nilizisikia nyayo, nikazima taa na kuingia chini ya kitanda na daftari langu dogo. Bi Mkubwa akabisha, akanyamaza. Nikakaa humo karibu nusu saa, vumbi likinitekenya pua, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikatunga. Wapo malenga walioletewa mashairi na mbalamwezi. Langu lililetwa na uvungu.

Alfajiri nikamsikia tena chini, anafagia ua polepole kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Nikangoja aingie msalani, nikashuka mbio viatu mkononi. Nilipofika barabarani nikagundua mkoba umebaki chumbani. Ndani ya mkoba kulikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu kulikuwa na shairi la kufundishia siku hiyo. Kurudi hakukuwezekana. Mfukoni nilikuwa na daftari tu.

Ndiyo maana saa mbili na nusu asubuhi, mbele ya wanafunzi hamsini na watatu, nilijikuta nikiandika ubaoni beti mbili hizi:

Mgeni waja na hodi, wagongagonga mlango
Ikishatimu ahadi, nakunjakunja mgongo
Taa nazima kusudi, nainamisha na shingo
Nenda mgeni urudi, sinao bado mpango

Nyayo zako ngazini, zapanda pole kwa pole
Nami kimya mvunguni, nisikohoe milele
Ndara zangu mlangoni, zasema ningali mle
Nenda mgeni urudi, sinao bado mpango

"Shairi hili," nikasema huku nikijipangusa chaki, "ni la malenga wa kale. Jina lake halijulikani."

Nilidanganya, nakiri. Lakini mwalimu hawezi kuwaambia watoto kwamba malenga ndiye huyu mwenye vumbi kichwani.

Mambo ya umbo yalikwenda vizuri, tena vizuri mno. Mishororo minne kwa ubeti, kwa hiyo tarbia. Vipande viwili, ukwapi kwanza na utao baadaye, kwa hiyo mathnawi. Vina vinabadilika kutoka ubeti hadi ubeti, kwa hiyo ukaraguni. Kibwagizo, ule mshororo unaorudiwa, wakakiona wenyewe. Wakahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole, midomo ikichezacheza kama ya watu wanaovuta uradi. Nami nikaanza kujiona msomi.

"Mwalimu," msichana mmoja mwenye miwani akainua mkono, "mshororo wa kwanza wa ubeti wa pili una mizani kumi na tano, si kumi na sita. Ukwapi una saba."

Nikahesabu kimoyomoyo. Nya-yo-za-ko-nga-zi-ni. Saba. Jasho likanitoka.

"Huo," nikasema kwa sauti ya mtu mwenye shahada, "ni uhuru wa mshairi. Inkisari."

Akaandika: inkisari. Alinihurumia, nadhani. Watoto wenye miwani huwa wanajua.

Tukaingia maudhui, na hapo ndipo nilipojimaliza. Nikawaambia kwamba mgeni anayebisha hodi ni kifo. Taa ni uhai wa mwanadamu. Mvunguni ni kaburi, au hofu ya kaburi, chagueni. Mshairi anamwomba mauti arudi siku nyingine kwa kuwa hajajiandaa kwa safari ya akhera. Niliyasema haya kwa huzuni nzuri, hadi mimi mwenyewe nikaanza kuamini. Kwa dakika moja hivi darasa likatulia.

Kisha kijana mmoja wa dawati la nyuma, yule ambaye kwa kawaida huamshwa na kengele, akasema, "Mwalimu, huyu msee hakufi. Anahepa landilodi."

Darasa likalipuka.

"Kaa chini. Ushairi hausomwi juujuu hivyo."

"Lakini mwalimu, wewe ulisema tuthibitishe kwa mifano kutoka shairini." Huyo ni msichana wa miwani tena. "'Ikishatimu ahadi.' Kifo hakina tarehe. Kodi iko na tarehe."

"Na kifo hakiambiwi 'rudi kesho,'" mwingine akadakia.

"Na mwalimu, kifo kikuje, kione ndara mlangoni, kiseme, 'Aa, kumbe ako ndani'?"

Nikajaribu kuokoa jahazi. Nikasema ndara ni istiari ya matendo ya mja, ambayo hubaki nyuma yakimshuhudia. Sentensi nzuri ile, bado naipenda. Lakini mtoto wa dirishani akauliza kama malenga wa kale walikuwa na ndara, na jirani yake akauliza kama walikuwa na stima ya kuzima. Nikasema taa ya kandili. Yule wa nyuma akauliza, "Sasa mtu wa kandili alikuwa anaishi ghorofa?"

Ngazi! Sikuwa nimezifikiria ngazi.

Nikawauliza nafsi neni, yaani anayesema shairini, ni nani, nikitumaini kwamba msamiati utawatuliza. Wakaniandalia wasifu wake kamili. Ni mwanamume, kwa sababu mwanamke angeenda kuzungumza na mwenye nyumba. Hana mke, kwa sababu mke angefungua mlango na kusema bwana hayupo. Ana kazi, lakini ya mshahara mdogo, kwa sababu asiyekuwa na kazi kabisa angekuwa amekwisha kufukuzwa. "Labda mwalimu," mmoja akanong'ona, na wenzake wakamkanya, "Wacha zako, mwalimu hawezi kuingia mvunguni na hiyo tai."

Niliishika tai yangu kama mtu anayeapa.

Toni je? Nilitaka waseme ya huzuni. Walisema ya uoga. Wakapigia mstari "nakunjakunja mgongo" wakasema huo ni ushahidi wa uvungu mfupi. Nimefundisha vitabu vizima bila kupata uchambuzi wa namna ile, na siku ulipopatikana, aliyechambuliwa ni mimi.

Kengele ikakaribia. Badala ya kuwaacha waende zao, nikataka kumaliza kwa heshima. "Kazi ya ziada," nikatangaza. "Kila mmoja aandike ubeti mmoja wa kumjibu mshairi huyu, bahari ileile. Mnaweza kusaidiwa na wazazi au walezi." Wanaojua mtaala wa umilisi wa shule za Kenya wanajua kwamba kazi ya ziada ni ya mzazi. Kuna baba nchini humu waliojenga vibanda vya kuku kwa maboksi usiku wa manane. Mimi nilidhani nimepunguza mzigo.

Siku ya pili naibu mwalimu mkuu akaja kukaa nyuma ya darasa na faili lake, kunitathmini. Nilikuwa nimelala kwa rafiki Kariobangi, shati ni lake, limenibana kwapani. Nikawaambia wasome majibu yao. Wa kwanza alikuwa na ubeti uliokwisha kwa "tafadhali lipa bili". Wa pili alikuwa ametumiwa wake na mjomba, na sikumruhusu aendelee baada ya mshororo wa kwanza.

Wa tatu alikuwa kijana mpole, mfupi, wa dawati la mbele. Muhula mzima sijamsikia akisema zaidi ya "niko" wakati wa kuita majina. Akasimama, akafungua karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nilisaidiwa na nyanya yangu," akasema. "Huwa anaandikia gazeti, Taifa Leo, ule ukurasa wa mashairi. Nilimsomea lile la ubaoni, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena hapo kwa ndara. Halafu akacheka, akaitisha kalamu."

Kuna aina ya baridi inayoanzia magotini. Nilimtazama yule kijana usoni, na kwa mara ya kwanza nikayaona yale macho. Akasoma:

Mwalimu nataka kodi, siitaki yako shingo
Ziraili hana hodi, wala hagongi mlango
Mizani umekaidi, ubetini mna pengo
Siendi wala sirudi, hadi ulete mpango

Sijui kama umewahi kusikia watoto hamsini wakielewa jambo kwa pamoja. Huanza kama upepo. Msichana wa miwani alikuwa akihesabu kwa vidole, akafika mwisho, akasema kwa heshima kubwa, "Kumi na sita kila mshororo." Yule wa dawati la nyuma hakusema kitu. Aliinama tu, akaweka paji la uso juu ya dawati, mabega yakimtetemeka.

"Ni nani huyo anayeitwa mwalimu?" naibu akauliza kutoka nyuma.

"Ni... nafsi nenewa, madam," nikasema.

Akaandika kitu. Baadaye nilipoonyeshwa faili, nilikuta amenipa alama ya juu kabisa kwenye sehemu moja tu. Alikuwa ameandika: "Ushirikishaji wa wazazi na walezi ni wa kupigiwa mfano."

Jioni hiyo nilirudi nyumbani nikipita mlango wa mbele kama mtu mzima. Bi Mkubwa alikuwa uani, kwenye kigoda, kikombe cha chai ya tangawizi pembeni na mahamri mawili kwenye sahani.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, malenga wa kale." Hakuinua uso. "Umekuja mwenyewe ama nimwite Ziraili?"

Nikaanza kujieleza, posho imechelewa, nitalipa, nilikuwa na nia. Akaniinulia kiganja.

"Kodi tutaizungumza. Kwanza nieleze hili. 'Nyayo zako ngazini.' Huo ni ukwapi gani, mwanangu?"

"Ni inkisari, Bi."

Hapo ndipo alipokasirika. Miezi miwili ya kodi haikumkasirisha, lakini hili lilimkasirisha. "Inkisari! Inkisari ni kulifupisha neno, si kulisahau. Ungesema 'nyayo zako za ngazini', mizani nane, basi, watu tukala. Wewe umeiacha 'za' njiani, halafu wawaambia watoto wa watu kuwa ni uhuru? Mimi naipanda ngazi kumi na nne na goti hili, sijawahi kuruka hata moja."

"Samahani, Bi."

"Na hicho kikohozi ulichosema hukohoi milele, nilikisikia. Mara mbili."

"Ni vumbi, Bi."

"Basi fagia mvungu." Akanisogezea sahani ya mahamri. "Kula. Kibwagizo kimekutoka vizuri, sikatai. 'Sinao bado mpango.' Hapo ulinichekesha. Lakini ule wa 'ningali mle' ndio uliokuuza. Nilimwambia mjukuu wangu, hizo ndara nazijua, moja ina kamba ya bluu na nyingine nyekundu."

Nikala hamri. Nilikuwa na njaa, na aibu haishibishi. Nilipopanda juu, mlangoni hapakuwa na ndara. Nikadhani ni wezi wa Majengo, nikawasamehe, kwa kuwa kamba hazikufanana.

Wiki iliyofuata sehemu ya posho ikaingia. Sikungoja hodi. Nikasimama palepale kituo cha matatu, nikamtumia Bi Mkubwa shilingi 7,000 kwa M-Pesa, nikabakiza elfu moja ya unga na nauli, nikaingia ndani nikiwa mwepesi. Tulikuwa hatujafika hata Muthurwa, simu ikatetemeka.

"Elfu saba nimeziona. Ukwapi ni nane. Leta 'za'. Ndara ninazo mimi."