Kanga ya Punda

Nauza kanga mtandaoni. Sina duka wala fremu. Nina chumba kimoja Tandika, kitanda chenye mzigo chini yake, na simu iliyopasuka kioo kwenye kona. Kila baada ya wiki mbili nashuka Kariakoo, nakatiza Mtaa wa Uhuru, nachukua korja moja kwa bei ya jumla na kurudi nayo kwenye daladala nimeikumbatia kama mgonjwa. Nikifika nazipiga picha juu ya kitanda, nazipandisha sokoni, nasubiri simu ilie.

Mpaka Machi mwaka jana nilikuwa na tathmini 22, zote za nyota tano. Usiku kabla ya kulala nilikuwa nazisoma moja moja kama barua za uchumba. "Dada mwaminifu sana." "Mzigo umefika sijamaliza hata kuosha vyombo." Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyenifungulia akaunti, alikuwa ananiambia nimechanganyikiwa. Mimi namjibu, wewe huna hata nyota moja, tulia.

Kilichoniponza ni kukunja. Kanga ikitoka dukani inakuja doti nzima, vipande viwili havijakatwa, ngumu kwa wanga, imekunjwa hivi kwamba mji, ile sehemu ya katikati, unakaa juu na jina, yale maneno yaliyoandikwa, linajificha ndani. Nami nilikuwa naipiga picha hivyohivyo. Nikiikunjua siwezi kuirudishia mikunjo ya kiwandani, na mteja akiona mkunjo wa mkono anadhani nimeshaendea nayo msibani. Kwenye maelezo naweka rangi tu: doti moja, zambarau na njano, pamba tupu. Majina siandiki. Na hapo ujue marehemu bibi yangu alikuwa hatoi hata senti dukani kabla hajaikunjua kanga akaisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Mjukuu wake nauza kanga kana kwamba nauza mashuka.

Basi mteja mmoja wa Dodoma akaniandikia: "Ya zambarau ipo?"

"Ipo mpenzi."

Akalipa Sh 13,000 na nauli ya mzigo, nikaipeleka stendi ya Mbezi, ikapanda basi. Wiki nzima kimya. Ya pili, nachota maji, simu ikalia mlio ule wa tathmini. Nikaweka ndoo chini nikitabasamu.

Nyota moja. "Muuzaji hafai. Kanga yake imemtukana mama mkwe wangu."

Nilisoma mara tano. Kisha nikampigia. Alikuwa amejifungua, mama wa mumewe akatoka Tanga kuja kumlea mpaka arobaini. Kapika uji wa pilipili manga, kakanda, kaogesha mtoto, hakulalamika hata siku moja. Siku ya kuondoka mkwe akaona amshukuru mbele ya watu, sebuleni, majirani wamekaa. Akamkabidhi doti kwa mikono miwili.

Sasa mwanamke wa Tanga ukimpa kanga hasemi ahsante. Anasoma kwanza. Mama akaikunjua taratibu, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasoma kwa sauti, kwa sababu herufi zilikuwa kubwa na majirani walikuwa wanangoja: SHUKRANI YA PUNDA NI MATEKE.

Mteja anasema hata mtoto aliacha kulia.

Hapo ningeomba radhi yakaisha. Lakini nyota yangu ilikuwa imeniuma, nikaamua kujitetea palepale chini ya tathmini, kila mtu aone. Niliandika kwa adabu kabisa. Nikaeleza kwamba kwa maana ya methali hii mama mkwe hajatukanwa popote. Punda ndiye anayeshukuru kwa mateke. Katika tukio hili aliyekuwa anashukuru ni nani? Ni mteja. "Kwa hiyo mpendwa mteja, ukitazama vizuri, punda hapa ni wewe. Karibu tena."

Nilibonyeza kutuma, nikajiona mwanasheria.

Mdogo wangu aliisoma saa tano usiku. Alikaa kitandani, akashika kichwa, akaniuliza taratibu, "Dada, umemwita mteja punda?"

"Nimefafanua methali."

Nilikwenda kufuta nikakuta soko wameshafuta wenyewe, kwa lugha isiyofaa dhidi ya mteja. Nami nikawaandikia malalamiko kuhusu ile nyota moja. Jibu likaja baada ya dakika mbili, la mashine: tathmini ya mteja imekaguliwa, haina matusi, itabaki. Yaani yenye tusi ni ya kwangu. Nyota zangu zikasoma 4.8.

Siku ya tatu ikaingia namba nisiyoijua.

"Wewe ndiye binti wa kanga?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeniletea punda?"

Nilikaa chini. Nikaanza kujieleza habari ya wanga na mikunjo, akanikatiza. Mwanangu, akasema, sikupigia kugomba. Nakuuliza una ipi ya kumjibu.

Nikazivuta zote kutoka chini ya kitanda, na kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara nikaanza kusoma bidhaa yangu. Nikamsomea HASIDI HANA SABABU, akasema hiyo alivaliwa yeye akiwa mwali. Nikamsomea USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Akacheka, akasema hiyo jisitiri nayo wewe mwenyewe, nasikia nyota ndiyo ugonjwa wako. Kumbe alikuwa ameisoma tafsiri yangu ya punda kabla haijafutwa, na tena alikuwa anakubaliana nayo. Tulipofika NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE, SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE, akanyamaza kidogo.

"Hiyo. Ipeleke Dodoma."

Najua mnachotaka kuniuliza. Ningeweza kukataa. Lakini kodi ilikuwa inakaribia, na mama alikuwa ameshatuma hela, na ya kutolea.

Lililonimaliza ni hili: kwenye soko lile, ujumbe wa kutoa nyota anatumiwa aliyepokea mzigo, si aliyelipa. Tanga alikuwa amefurahi mno, ila furaha ya Tanga haina pa kubonyezwa. Dodoma ilipofika ile simba, nikapigwa nyota moja na neno moja: "Tena?" 4.7.

Jioni yake Dodoma akapiga simu. Nilijua nakuja kutukanwa, nikaiweka mbali na sikio.

"Dada, na mimi una ipi kali?"

Nikamuuzia MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE, nikijipa moyo kwamba hiyo angalau ina mafumbo, inaweza kupita. Tanga hakuna fumbo linalopita. Nyota moja nyingine, safari hii iliyobonyezwa na mjukuu kwa maelekezo ya bibi, maana chini yake kulikuwa na alama za kidole gumba na samaki. 4.5. Alama yangu ya muuzaji wa kuaminika ikang'oka usiku uleule.

Na hapo ndipo biashara ilipofunguka. Watu walikuwa wanaingia dukani kwangu, wanazipita zile tathmini 22 za nyota tano bila kuziangalia, wanaisoma ile moja ya mama mkwe, kisha wananiandikia faragha: "Ile ya punda bado ipo?" Mwingine kutoka Mwanza: "Nina wifi. Nishauri." Ndani ya mwezi niliuza doti 17 za punda peke yake. Muuzaji wa Mtaa wa Uhuru akaniuliza kama nafuga. Nikaanza kukunja kanga upya, jina likae juu, na mikunjo ya kiwandani potelea mbali.

Kisha Jumatano moja akapiga mwanamume, anaongea chini chini kama yuko maktaba.

"Mimi ni mume wa yule."

"Yupi, shemeji?"

"Na mtoto wa yule mwingine."

Nikamwambia pole. Akasema mke hapokei simu ya mama, mama hataji jina la mke, anamwita "huyo simba wako". Yeye akirudi kazini anakuta kanga imeanikwa nje, jina limeelekezwa barabarani. Akavuta pumzi.

"Dada yangu, huna kanga isiyosema?"

"Isiyosema inaitwa kitenge, shemeji."

"Nipe viwili. Vifanane kabisa, asije mtu akasema cha mwenzake kizuri. Kimoja Dodoma, kimoja Tanga."

"Nina vya maua ya waridi, vizuri sana."

Akafikiri. "Waridi lina miba. Toa."

"Vya ndege?"

"Ndege gani?"

"Kama kasuku hivi."

"Toa, toa. Huna cha maduara tu?"

Nilikuwa nacho. Maduara ya bluu, hayana kichwa wala mkia. Nikavifunga, nikavipeleka Mbezi mwenyewe, nikavikagua pindo kwa pindo mbele ya kondakta nihakikishe hakuna herufi hata moja zaidi ya jina la kiwanda.

Dodoma akatoa nyota nne. Nililia kidogo, sifichi.

Jumamosi asubuhi Tanga wakapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Binti, nimekaa na hiki kitambaa tangu jana, nakigeuza huku, nakigeuza huku. Hebu niambie ukweli. Haya maduara, anataka kusema mimi namzunguka?"